Kusema kwa Mdomo wa Wimbo: Ushindani wa Ndugu na Huduma ya Vijana Kahawa Sukari

Ushindani wa ndugu, yaani hali ya watoto wa nyumba moja kugombea upendo, sifa, mali au nafasi mbele ya wazazi, ni miongoni mwa mambo yanayowaumiza sana vijana wa Kikristo, na bado huzungumzwa kwa nadra katika mikutano yao. Kijana anayeomba maombi hadharani kwa ajili ya mtihani, karo au ugonjwa wa nyanya yake huona vigumu kusimama mbele ya wenzake na kukiri kwamba anamwonea dada yake kijicho, kwa kuwa kukiri hivyo ni kuianika nyumba nzima, na pengine dada huyohuyo ameketi viti viwili nyuma yake. Makala haya yanapendekeza kwamba wimbo wa kisasa, ukichaguliwa kwa uangalifu na kuongozwa kwa hekima, humpa kijana mdomo wa kuazima, akaweza kusema juu ya ndugu wa mtu mwingine yale ambayo bado hawezi kuyasema juu ya ndugu yake mwenyewe. Yanasisitiza pia kwamba kazi ya wimbo huishia hapo, na kwamba yanayobaki ni kazi ya Neno la Mungu, ya kiongozi mwenye subira, na ya kijana mwenyewe atakaporudi nyumbani.

Ugomvi wa ndugu na mahali ulipozaliwa

Kahawa Sukari ni mojawapo ya wadi nane za eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, na ni mtaa uliokua kando ya Barabara ya Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika ukanda ambao kwa miongo mingi ulijulikana kwa mashamba ya kahawa. Tangu barabara hiyo ilipopanuliwa na kuzinduliwa rasmi mwaka 2012, thamani ya ardhi kutoka Githurai hadi Ruiru, Juja na Thika imepanda kiasi kwamba mahali ambapo babu aliona mibuni, wajukuu wanaona ploti, nyumba za kupangisha na kodi ya kila mwezi. Jambo hili lina uzito kwa anayewahudumia vijana, kwa sababu ugomvi wa ndugu huchukua sura ya mahali ulipozaliwa na ya umri wa wanaogombana.

Kwa mtoto wa miaka 13, ugomvi huo huonekana katika simu moja inayogombaniwa na watoto watatu, au katika swali la nani ataosha vyombo baada ya chajio. Kwa kijana wa miaka 18, huonekana pale matokeo ya KCSE, yaani mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari, yanapotangazwa, na alama za mmoja zikatajwa mbele ya kila mgeni ilhali za mwingine zinazungukwa kama shimo njiani. Kwa mwenye miaka 25 aliyekwisha kupata kazi jijini, huonekana katika karo ya wadogo zake anayoilipa kila muhula bila kuulizwa kama yeye mwenyewe amebakiwa na kitu. Na nyuma ya yote hayo, hata kwa wale ambao hawajafikia umri wa kulitamka, kuna swali la ploti ya baba: itagawanywaje, na je, mabinti watahesabiwa?

Mwanasaikolojia Alfred Adler (1870–1937) wa Austria alifundisha kwamba kifungua mimba, yaani mtoto wa kwanza, hujiona ameondolewa katika kiti chake cha enzi pindi mdogo wake anapozaliwa, na kwamba nafasi ya kuzaliwa humjengea mtu tabia ya kudumu. Fundisho hilo limependwa sana katika semina za vijana, lakini tafiti kubwa zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba athari ya nafasi ya kuzaliwa juu ya tabia ni ndogo mno. Kwa hiyo kiongozi hana sababu ya kuwapanga vijana mafungu na kuwaambia kwamba vifungua mimba wote ni wakali na kwamba vitinda mimba, yaani watoto wa mwisho, wote wamedekezwa. Afadhali amsikilize kila kijana aeleze namna alivyotendewa na namna alivyolinganishwa, kwa maana humo ndimo jeraha lilimo.

Mfano ulio karibu na macho ya kila kiongozi ni sweta ya shule ya kurithi. Sweta hiyo imefuliwa mpaka rangi yake imepauka kwenye viwiko, na ndani ya kola kuna kipande cha kitambaa chenye jina la kaka mkubwa lililoshonwa kwa uzi mweupe, kisha jina hilo likakatwa kwa kalamu na jina la mdogo likaandikwa chini yake kwa herufi za kubanana. Kwa mama, sweta hiyo ni akiba ya busara, na hana kosa lolote. Kwa mdogo, hasa ikiwa walimu wa shule hiyohiyo bado huteleza na kumwita kwa jina la kaka yake, ni ushahidi anaouvaa kila asubuhi kwamba yeye alikuja wa pili. Kijana anayeijua sweta hiyo hahitaji kufafanuliwa sana kanzu ambayo Yusufu alipewa na baba yake.

Kwa nini wimbo, wala si hotuba

Maandiko yenyewe yanatoa kielelezo cha kumfikia mtu kupitia habari za mwingine. Nabii Nathani alipotumwa kwa Mfalme Daudi, katika 2 Samweli 12, hakuanza kwa kumtaja Uria wala mkewe; alisimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, na mfalme akawaka hasira ya haki kabla ya kutambua kwamba mtu aliyemhukumu alikuwa yeye mwenyewe. Wimbo unaozungumzia wivu wa ndugu hufanya kazi ya namna hiyo, kwa sababu kijana humhukumu, humtetea au humlilia mhusika wa wimbo akiwa huru, na ukweli humfikia akiwa hajajikinga.

Utamaduni wa Waswahili nao unaijua njia hii tangu zamani kwa jina la fumbo, yaani maneno yanayosema jambo moja huku yakikusudia jingine. Katika taarabu, shabiki huinuka kumtunza mwimbaji huku akimtazama hasimu wake, na ujumbe ukafika bila yeye kufungua kinywa. Lakini taarabu hiyohiyo inatoa onyo. Mipasho, yaani nyimbo za kurushiana maneno ya kuchoma, ilipamba moto Dar es Salaam katika miaka ya 1990, wakati vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana na mashabiki wakagawanyika baina ya Khadija Kopa na Nasma Khamis. Historia hiyo inafundisha kwamba wimbo uleule unaoweza kuwa kioo cha kujitazamia unaweza pia kuwa jiwe la kumtupia mwenzako. Kijana aliyekasirika akipewa nafasi ya kuchagua wimbo na kumtumia ndugu yake aliye ukumbini, mkutano wa vijana utageuka jukwaa la mipasho, na walioingia na kidonda watatoka na vidonda viwili.

Kutokana na onyo hilo zinatoka kanuni tatu ambazo kiongozi anashauriwa asizivunje. Ya kwanza, wimbo huchaguliwa na kiongozi au na kamati ndogo, wala kijana haruhusiwi kuutoa kama zawadi au salamu kwa ndugu yake. Ya pili, mazungumzo huanza kwa wahusika wa wimbo, na hakuna anayesukumwa kuzungumzia nyumbani kwao. Akitaka kufanya hivyo kwa hiari yake, atafanya faraghani na kiongozi au mlezi wa vijana. Ya tatu, ndugu wawili waliomo katika kundi moja huketishwa katika vikundi tofauti vya mazungumzo, na jambo hilo hufanywa kimyakimya wakati wa kugawa vikundi, ili lisionekane kuwa adhabu.

Vikapu vitatu vya kuchagulia

Nyimbo za mapenzi zimejaa kila redio na kila matatu ya Barabara ya Thika, lakini nyimbo za ndugu ni chache, na kiongozi asiyejua pa kuzitafuta atakata tamaa mapema. Inafaa azitafute katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni cha nyimbo zinazozungumzia ndugu waziwazi. Humo kuna mchezo wa nyimbo wa Joseph and the Amazing Technicolor Dreamcoat, ulioandikwa na Andrew Lloyd Webber na Tim Rice, ambao unasimulia habari za Yusufu na kaka zake kwa mitindo ya muziki wa kisasa. Ulipoimbwa mara ya kwanza mwaka 1968 na wanafunzi wa shule moja ya London, ulikuwa na urefu wa dakika 15 hivi tu. Kuna pia wimbo "Surface Pressure" kutoka filamu ya Encanto ya mwaka 2021, ulioandikwa na Lin-Manuel Miranda, ambamo binti mwenye nguvu kuliko wote nyumbani anafichua hofu yake kwamba siku atakaposhindwa kubeba mizigo ya familia hatakuwa na thamani tena. Kuna wimbo "Brother" wa bendi ya Kimarekani ya NEEDTOBREATHE, uliotoka katika albamu ya mwaka 2014, na ambao uzito wake kwa kijana unaongezeka akijua kwamba bendi hiyo iliongozwa na ndugu wawili, Bear na Bo Rinehart, na kwamba Bo aliondoka kundini mwaka 2020.

Kikapu cha pili ni cha maisha ya wanamuziki ambao ni ndugu, kwa kuwa mara nyingi historia ya kundi hufundisha kuliko mashairi yake. Wilson na George Kinyonga, ndugu kutoka Tanga waliohamia Kenya, waliunda Simba Wanyika mwaka 1971, na wenzao kadhaa walipojitenga mwaka 1978 na kuunda Les Wanyika, ndugu hao waliendelea kulishikilia jina la kundi lao hadi miaka ya 1990. Them Mushrooms, waliowapa watalii na wenyeji wimbo "Jambo Bwana", walianzishwa Mombasa mwaka 1972 na ndugu wa ukoo wa Harrison wakiongozwa na Teddy Kalanda, aliyeutunga wimbo huo. Uganda kuna ndugu wa ukoo wa Mayanja, wakiwemo Jose Chameleone, Weasel na Pallaso, ambao wamefanya kazi ya namna moja huku kila mmoja akijijengea jina lake. Na kuna P-Square wa Nigeria, mapacha Peter na Paul Okoye, ambao mabishano juu ya usimamizi wa kundi, uliokuwa mikononi mwa kaka yao mkubwa Jude, yaliwatenganisha hadharani mwaka 2017. Walipatana Novemba 2021, na kufikia 2024 walikuwa wametengana tena.

Kikapu cha tatu ni cha nyimbo ambazo vijana wataandika wenyewe, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu au kwa Sheng, na kikapu hiki ndicho chenye matunda mengi zaidi, kama itakavyoonekana katika juma la nne la mpango unaofuata.

Kabla ya kuuleta wimbo wowote mbele ya vijana, kiongozi ausikilize mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, ayasome maneno yake yote, na amwombe kijana mmoja anayeaminika amfafanulie misemo ya Sheng, kwa kuwa neno linalosikika kuwa safi kwa mtu mzima linaweza kuwa na maana nyingine kabisa mtaani. Tahadhari hii imekuwa ya lazima zaidi tangu mtindo wa gengetone, unaoimbwa kwa Sheng, ulipoenea kuanzia 2018 na kundi la Ethic na wimbo wao "Lamba Lolo". Halafu aupime wimbo kwa swali moja: je, unamwachia ndugu wa pili nafasi ya kuwa binadamu? Wimbo unaomchora ndugu kuwa shetani mtupu, asiye na hofu wala sababu, unaweza kuwa na mdundo mtamu, lakini hautamsaidia kijana kumtazama aliye naye chumbani. Na kwa kuwa nyimbo zina wenyewe, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kundi linalotaka kuutumia wimbo wa mtu katika tamasha la kulipia au kuuchapisha katika kitabu chake linashauriwa kupata mwongozo wa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kwanza.

Mpango wa majuma manne

Likizo ya Agosti hufaa zaidi kwa mfululizo huu, kwa sababu wanafunzi wa bweni wako nyumbani na ndugu wanaoonana mara tatu kwa mwaka wanajikuta tena chini ya paa moja, kila mmoja akidai chumba kilichokuwa chake. Kila kikao kinaweza kuchukua dakika 90. Wimbo husikilizwa mara mbili, ya kwanza bila maneno mikononi na ya pili wakiwa na karatasi yenye maneno. Dakika 25 hutumika kuwajadili wahusika wa wimbo. Dakika 25 kusoma Maandiko. Dakika 10 za kimya kila mmoja huandika kwa ajili yake mwenyewe katika daftari ambalo hakuna atakayeliomba. Na zinazobaki ni za maombi ya wawili wawili.

Juma la kwanza lihusu upendeleo. Wimbo mmoja wa mchezo wa Yusufu hutosha, na fungu la Biblia ni Mwanzo 37. Maswali yafuate mpangilio, yakianzia mbali: Ni nani katika wimbo aliyefurahia kanzu? Ni nani aliyeinunua? Kaka zake walimkasirikia Yusufu au walimkasirikia Yakobo? Swali hilo la mwisho ndilo lenye ufunguo, maana kaka wale hawakumgusa baba aliyegawa upendo kwa mizani isiyo sawa. Walimshika mtoto aliyeupokea. Vijana wengi hugundua hapo, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba hasira yao imekosea mlango. Kiongozi aongeze kwamba Yakobo mwenyewe alikulia katika nyumba iliyogawanyika, Isaka akimpenda Esau na Rebeka akimpenda Yakobo, ili vijana waone kwamba wazazi nao hubeba majeraha ya utotoni, na wajifunze kuwahurumia bila kulipaka kosa rangi ya wema.

Juma la pili lihusu mzigo wa anayetegemewa. "Surface Pressure" ndio wimbo wake, na fungu ni nusu ya pili ya Luka 15, kuanzia mstari wa 25, ambapo mwana mkubwa anarudi kutoka shambani, anasikia ngoma, na anakataa kuingia. Mahubiri mengi huishia kwa mwana mpotevu, na vijana watiifu, hasa mabinti wakubwa waliolea wadogo zao tangu wakiwa na miaka minane, hubaki nje na uchungu wao. Kiongozi awaonyeshe kwamba baba alitoka mara mbili siku ile: alimkimbilia mdogo aliyekuwa angali mbali, na alitoka tena kumsihi mkubwa. Kisha aulize: Ni kazi gani nyumbani ambayo hakuna aliyewahi kukushukuru kwa kuifanya? Jibu liandikwe daftarini, lisisomwe. Wadogo katika kundi waombwe kufikiria jambo moja wanalofanyiwa kila siku ambalo wamelizoea mpaka hawalioni tena, kama vile shati lililopigwa pasi usiku.

Juma la tatu lihusu mali na majina. Hapa vijana walinganishe historia ya P-Square na ile ya ndugu wa ukoo wa Harrison au wa Kinyonga, wakijiuliza ni nani aliyekuwa akitunza fedha, ni nani aliyekuwa na neno la mwisho, na mapatano yalihitaji nini zaidi ya kupiga picha pamoja. Fungu ni Luka 12:13–15, ambapo mtu mmoja anamwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi, na Yesu anakataa kuwa mwamuzi, kisha anaonya juu ya choyo. Katika kaunti ambayo robo ekari inaweza kuwagawanya watu walionyonya titi moja, fungu hili lisomwe polepole. Vijana waelezwe pia jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika Julai 1981, haimbagui binti na mwana katika kurithi mali ya mzazi aliyefariki bila wosia, na kwamba Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia. Haki ikijulikana mapema, maneno makali hupungua siku ya matanga.

Juma la nne lihusu mapatano, na wimbo wa NEEDTOBREATHE unaweza kuufungua mlango. Fungu la kwanza ni Mwanzo 33, ambapo Esau anamkimbilia Yakobo, wanakumbatiana na kulia, kisha kila mmoja anashika njia yake, Esau kuelekea Seiri na Yakobo kuelekea Sukothi. La pili ni Mwanzo 50, ambapo kaka zake Yusufu, baada ya kumzika baba yao, wanaanza tena kuogopa kwamba sasa kisasi kitakuja. Mafungu haya mawili yanawalinda vijana dhidi ya matumaini mepesi. La Esau linafundisha kwamba kusameheana hakulazimishi watu kuishi katika nyumba moja wala kufanya biashara moja. La Yusufu linafundisha kwamba msamaha uliokwisha kutolewa huenda ukahitaji kusemwa upya, hasa mzazi aliyewaunganisha anapoondoka. Kijana anayejua hayo hatavunjika moyo akisikia kwamba mapacha waliopatana wametengana tena.

Kisha vikundi vya watu wanne au watano viandike wimbo wao, wa beti mbili na kiitikio, kwa sharti moja: ubeti wa kwanza useme kwa sauti ya ndugu mmoja, na wa pili kwa sauti ya ndugu mwingine. Sharti hilo ndilo moyo wa mpango wote, kwa sababu kijana aliyelazimika kumtafutia ndugu yake maneno ya kujitetea, na mizani na vina vya kuyabeba, atakuwa ameingia ndani ya ngozi yake kwa muda wa ubeti mmoja. Mtaa wenyewe una urithi wa kazi kama hii, kwani waimbaji wa Agikuyu walioimba kwenye ukanda huu, akiwemo Joseph Kamaru (1939–2018), waliutumia muziki wa burudani kuonya na kufundisha jamii. Ala si lazima. Makofi, meza na simu ya kurekodia vinatosha.

Mipaka ya kiongozi

Methali ya Kiswahili husema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Wazee waliitumia kumwonya mtu wa nje asijitie katika ugomvi wa watu wa damu moja, kwa kuwa watapatana na yeye atabaki na aibu. Kiongozi wa vijana aichukue methali hii kuwa sheria ya kazi yake. Jembe lake ni kuandaa udongo, yaani nyimbo, Maandiko, maswali na kimya. Wala asiende kugonga malango ya nyumba za watu kutangaza aliyoyasikia, asichague upande, na asiyageuze maneno ya kijana kuwa mfano wa mahubiri ya Jumapili, hata akificha jina, maana katika mtaa ambapo familia zinajuana kwa magari na kwa sare za shule, jina halifichiki.

Injili ya Luka inatoa kielelezo ambacho ni rahisi kukipita bila kukiona. Mara tatu, katika sura ya 10, ya 12 na ya 15, mtu anamshtaki ndugu yake kwa mwingine: Martha anamshtaki Mariamu, mtu wa urithi anamshtaki ndugu yake, na mwana mkubwa anamshtaki mdogo kwa baba. Hakuna hata mara moja ambapo mshtaki anapewa hukumu aliyoitaka; kila mara mazungumzo yanarudi kwa upole au kwa onyo kwenye moyo wake mwenyewe. Kiongozi aliyeyasoma mafungu hayo hataulizwa mara mbili na kijana, "Wewe unaonaje, si yeye ndiye mwenye makosa?" bila kujua namna ya kulirudisha swali.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo kunyamaza kwake ni dhambi. Kupigwa kwa mtoto hadi kuumia, kuguswa vibaya na ndugu au jamaa, kunyimwa chakula au shule, na maneno ya kutaka kujiua si ushindani wa ndugu, na hayatibiwi kwa wimbo. Kiongozi hapaswi kumwahidi kijana siri asiyoweza kuitunza; amwambie tangu mwanzo kwamba hatari ya mwili au uhai itapelekwa kwa mchungaji na kwa wahusika wa ulinzi wa watoto, kama Sheria ya Watoto ya 2022 inavyokusudia, na ampe nambari ya simu 116 ya Childline Kenya, ambayo hupigwa bila malipo. Mgogoro wa ardhi kati ya watu wazima nao upelekwe kwa wazee, kwa wakili, au katika upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ambao ulianza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016.

Wazazi nao wasiachwe nje. Kabla ya juma la kwanza, barua fupi iwaeleze nyimbo zitakazosikilizwa na mafungu yatakayosomwa, na baada ya juma la nne waalikwe kuzisikiliza nyimbo za watoto wao. Wapo watakaosikia katika ubeti mmoja jambo ambalo miaka ya kukemeana mezani haikulifikisha, na mama mmoja akimnunulia kitinda mimba wake sweta mpya yenye jina moja tu kwenye kola, mpango utakuwa umeleta mavuno.

Yusufu alipokwisha kujifunua kwa kaka zake, kulia nao na kuwapa magari ya safari, aliwaaga kwa agizo fupi lililomo katika Mwanzo 45:24, kwamba wasigombane njiani. Alijua kwamba machozi ya Misri yalikuwa ya kweli, na alijua pia kwamba safari ya kurudi Kanaani ilikuwa ndefu na kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya nani alisema nini kando ya lile shimo walimomtupa Yusufu. Vijana wa Kahawa Sukari watakapotoka ukumbini jioni ya Jumamosi, ndugu wawili wakielekea lango moja chini ya taa za barabara huku wakiwa na simu moja na jozi moja ya visikizio, kiongozi hatakuwa nao. Wimbo utakuwa umekwisha. Agizo la Yusufu ndilo la kuwapa mlangoni, na baada ya hapo kuwaombea kwa majina yao.